UZI: Nani alaumiwe alama zikishuka Kitui na Makueni?

1/ Matokeo ya mitihani yakitoka, mjadala ni ule ule. Mmoja anasema wazazi wa Ukambani wamelegea. Mwingine anasema gavana amelala. Wa tatu anataka shule ndogo zifungwe. Sitataja mtu wala chama. Tupitie historia kwanza, halafu mtaamua wenyewe.

2/ Tuanze na hii ya "elimu ilichelewa kufika huko". Si kweli. Wamisionari Walutheri walikuwa Ikutha, kusini mwa Kitui, mapema miaka ya 1890. Misheni ya AIM ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo, mwaka 1895. Reli ilifika Nairobi 1899. Yaani wamisionari walikuwa Nzaui kabla Nairobi haijawa mji.

3/ Kilichochelewa ni pesa. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulisema wazi: fedha za maendeleo ziende pale zitakapoleta faida kubwa zaidi, penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na barabara. Sasa angalia ramani. Ukitoa vilima kama vya Mbooni na Kilungu, sehemu kubwa ya Kitui na Makueni ni kukavu. Wakati wengine wanapangiwa, watu wa huku walijenga madarasa kwa harambee na kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ya Wakamba. Shule ikawa nzuri kadiri ya mfuko wa mzazi.

4/ Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Shangwe kila mahali. Lakini pengo la pesa shuleni lilijazwa na michango ya ujenzi. Mzazi aliyeambiwa "elimu ni bure" akadaiwa kwa jina lingine. Asiyeweza kulipa, mtoto akarudi nyumbani.

5/ Halafu 1984. Ukame mkali. Wakamba waliuita "Nikw'a Ngwete", maana yake nakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa sababu chakula chenyewe hakikupatikana. Mwaka uliofuata, 1985, mfumo wa 8-4-4 ukaanza. Kila shule ya msingi ilihitaji darasa la nane na karakana. Nani ajenge? Wazazi. Wale wale waliokuwa wametoka tu kwenye njaa.

6/ Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure tena. Nchini kote idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2. Watoto waliingia, walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Jambo jema lilifanyika bila maandalizi.

7/ Januari 2023 ikaja sekondari msingi, gredi ya 7 hadi ya 9, ndani ya shule za msingi. Maabara? Shule nyingi hazikuwa nayo. Shule nyingi za vijijini zilianza na mwalimu mmoja tu wa gredi hiyo mpya. Walimu wengi walikuwa wanagenzi wa posho ya takriban shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na 2024 waligoma kudai ajira ya kudumu. Mnaona mtindo? 1985 na 2023 ni hadithi moja: mfumo unatangazwa Nairobi, kijiji kinajitafutia darasa.

8/ Sasa hesabu, hapa ndipo penye siri. Serikali iliweka mgao wa sekondari msingi kuwa shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 400 inapaswa kupata 6,016,800. Yenye 40 inapaswa kupata 601,680. Lakini zote mbili zinahitaji maabara moja, mlinzi mmoja, tangi moja la maji. Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000 na, kwa sensa ya 2019, watu 1,136,187. Watu wametawanyika, kwa hivyo shule ndogo haziepukiki. Mgao wa kuhesabu vichwa unaziadhibu kwa jiografia.

9/ Hata wastani wa alama unadanganya. Shule ina watahiniwa 25, mmoja akapata alama 100 chini ya anavyofanya kawaida: wastani unashuka kwa alama 4. Penye watahiniwa 250, unashuka kwa 0.4 tu. Kwa hivyo "shule imeanguka vibaya" inaweza kumaanisha mtoto mmoja aliugua malaria.

10/ Na watoto wenyewe ni akina nani? Wengi wazazi wao wako Nairobi au Mombasa kutafuta, wao wanalelewa na susu. Mvua ya kutegemewa zaidi Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba. Mitihani nayo hufanywa Oktoba na Novemba, wakati wa kupanda, akiba ya mavuno yaliyopita ikiwa inaisha. Ndio maana chakula cha shuleni hapa ni suala la masomo, si hisani.

11/ Si ati walimu wakuu na wazazi hawana mchango. Wanao, na kuna shule jirani, mvua moja, matokeo tofauti. Lakini gavana? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linampa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Anayemlaumu gavana kwa alama za gredi ya 9 ama hajasoma, ama anakuchezea.

12/ Hiyo ya kufunga shule ndogo inaonekana ya busara kwenye karatasi. Ila mtoto wa miaka 12 ndiye atatembea hizo kilomita za ziada, akivuka mto wa mchanga unaojaa ghafla mvua ikinyesha juu. Wengine wataacha tu, na wastani wa kaunti utapanda kwa sababu hawahesabiwi tena.

13/ Kwa hivyo akija mtu na kipaza sauti, muulize matatu. Shule ndogo itapata kiasi gani cha kuanzia kabla ya kuhesabu vichwa? Mwalimu wa sayansi ataajiriwa lini, kwa mkataba gani? Ukifunga shule yetu, basi au bweni liko wapi? Akianza kuongea kuhusu mpinzani wake, umeshajibiwa.

Sambaza, hasa kwa group ya wazazi.