Kubadilisha laptopu nyembamba kwa laptopu ya gemu: mambo ya kupima kabla ya kukubali

Je, una laptopu nyembamba unayotumia kwa masomo au kazi, na mtu amekuomba mbadilishane akupe laptopu ya gemu? Ukiitazama tu, ya gemu huonekana kuwa faida: ni kubwa, ina nguvu na kibodi yake inawaka taa za rangi. Lakini mahali ambapo umeme ni wa sola au wa kulipia kila unapochaji, mashine yenye nguvu zaidi inaweza kukupunguzia saa za kazi.

Makala haya yanaeleza mambo ya kupima kabla ya kukubali. Mifano imetolewa kwa kuzingatia makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kama Nakivale na Kyangwali, pamoja na jamii zinazowapokea.

Tofauti ni nini hasa?

Laptopu nyembamba imetengenezwa ili itumie umeme kidogo. Nyingi zina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5. Laptopu ya gemu ina kadi ya grafiki ya pekee, yaani kifaa cha ndani kinachoshughulikia picha na video, pamoja na feni kubwa za kuipoza. Mara nyingi uzito wake hupita kilo 2, bila kuhesabu chaja, ambayo nayo ni nzito.

Kumbuka pia kwamba laptopu ya gemu haiongezi kasi ya intaneti. Kama mtandao wako ni wa polepole, utabaki hivyo hivyo.

Piga hesabu ya umeme kwanza

Geuza chaja usome maandishi yaliyo karibu na neno OUTPUT. Zidisha volti (V) kwa ampea (A) upate wati. Kwa mfano:

- Laptopu nyembamba: 20 V × 3.25 A = wati 65
- Laptopu ya gemu: 20 V × 11.5 A = wati 230

Hicho ni kiwango cha juu. Katika kazi za kawaida, kama kuandika au kusoma, laptopu nyembamba inaweza kutumia wati 20 hivi. Laptopu ya gemu inapocheza gemu au kutengeneza video inaweza kufika wati 150 na zaidi.

Sasa chukua betri ya sola ya asidi yenye volti 12 na ampea-saa 100. Inabeba wati-saa 1,200, lakini ili isife mapema inafaa utumie nusu tu, yaani 600. Inverta nayo hupoteza kiasi. Tuseme unabaki na wati-saa 500:

- Laptopu nyembamba kwa wati 20: saa 25 hivi
- Laptopu ya gemu kwa wati 150: saa 3 na dakika chache

Betri ni ile ile na jua ni lile lile. Kama nyumbani mna taa na simu za kuchaji, saa hizo zitapungua zaidi. Inverta ndogo ya wati 150 inaweza kujizima ukichomeka chaja ya wati 230.

Usitegemee betri ya ndani ya laptopu ya gemu. Ikifanya kazi nzito bila chaja, mara nyingi haimalizi saa mbili, na nyingi hupunguza nguvu zenyewe zikichomolewa. Laptopu nyembamba nyingi huchajiwa kwa USB-C. Chaja kubwa ya gemu ikiharibika, kupata nyingine ya aina ile ile kunaweza kuwa shida.

Nani anaihitaji kweli?

Laptopu ya gemu inafaa kama unalipwa, au una mteja wa uhakika, kwa kazi kama hizi:

- kuhariri video ndefu
- kutengeneza michoro ya 3D, kwa mfano kwa Blender
- kuchora ramani za majengo kwa programu nzito

Kwa kozi za mtandaoni, kutafsiri, kunukuu sauti, hesabu za duka, kuandika barua za maombi na kujifunza programu za kawaida, laptopu nyembamba iliyo nzima inatosha.

Kama shida yako ni kwamba laptopu ni nzito kufungua mafaili, muulize fundi kwanza kama inaweza kuongezwa RAM au kuwekewa SSD. Katika laptopu nyembamba nyingi RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haiongezeki, lakini SSD mara nyingi hubadilishwa.

Je, laptopu ni yako kuitoa?

Kama uliipata kupitia mafunzo au mradi, soma tena karatasi uliyosaini. Vifaa vingine hutolewa kwa mkopo na hubaki mali ya shirika. Ukikibadilisha kifaa cha namna hiyo, unaweza kudaiwa na kupoteza nafasi yako.

Ikague kwa angalau saa moja

1. Iwashe ikiwa na chaja, ucheze gemu au video nzito kwa dakika 30. Ikizima ghafla au skrini ikitoa mistari, usiichukue.
2. Chomoa chaja uone betri inashuka kwa kasi gani.
3. Kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Namba ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, betri imechoka.
4. Hakikisha inakubali Windows 11. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.
5. Izime na kuiwasha tena. Ikidai nenosiri ambalo mwenyewe halijui, au ikionyesha jina la shule au kampuni, iache. Huenda imeibwa.
6. Sikiliza feni. Vumbi likijaa ndani, joto hupanda na mashine hupungua kasi.

Linda taarifa zako

Laptopu yako inaweza kuwa na picha za kitambulisho, barua za kesi yako au majina ya ndugu walio mahali pasipo salama. Kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi. Nakili unayohitaji, toka kwenye akaunti zote, kisha tumia Reset this PC, uchague kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Fanya hivyo kabla ya kuikabidhi. Ahadi ya "nitakufutia" isikutoshe.

Andikeni makubaliano

Andikeni majina, aina ya laptopu, namba ya mfululizo (serial number) ya kila moja iliyoko chini yake, pesa ya nyongeza kama ipo, na tarehe. Sainini mbele ya mwenyekiti wa RWC au wa LC1 na shahidi wa kila upande. Karatasi hiyo itakusaidia ikiwa polisi watauliza kifaa kimetoka wapi.

Kama bado unasita

Omba kuitumia nyumbani kwako kwa siku mbili, kwa umeme wako mwenyewe na kwa kazi yako ya kila siku. Ikiwa jioni ya siku ya pili kazi yako haijaisha na betri ya sola imeisha, baki na laptopu yako nyembamba.