Farasi wa Vita katika Nchi ya Mbung'o

Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Afrika Mashariki, walowezi wa Kizungu waliunda Nairobi kikosi cha wapanda farasi, East African Mounted Rifles. Wengi walikuja na farasi wao wenyewe kutoka mashambani. Mapema 1916 zikafuata brigedi za wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, chini ya Jenerali Jan Smuts. Humo walikuwamo Makaburu wengi, watu waliozoea tandiko tangu utotoni. Mpanda farasi alimnywesha na kumlisha mnyama wake kabla ya kula yeye mwenyewe, maana porini uhai wake ulitegemea miguu ile minne.

Mbung'o waliwamaliza farasi hao zaidi kuliko risasi za Wajerumani. Inzi huyu hueneza nagana, ugonjwa ambao daktari David Bruce alikwisha kuuchunguza Zululand katika miaka ya 1890. Farasi aliyeambukizwa hushikwa na homa, hukonda ingawa anakula, huvimba miguu na tumbo, kisha huanguka asiinuke tena. Dawa ya kuponya haikuwapo. Madaktari wa mifugo waliwapa aseniki, nayo iliahirisha kifo kwa majuma machache tu.

Hatari hiyo haikuwa siri. Katika karne ya 19, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilisafirisha pembe za ndovu na vitambaa kwa mabega ya wapagazi, na mbung'o ni sababu kubwa ya jambo hilo. Makamanda walionywa, lakini waliendelea kuagiza wanyama kwa maelfu, na kwa hilo wanastahili lawama.

Aprili 1916 Jenerali Jaap van Deventer aliongoza wapanda farasi kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi, masika ikiwa imepamba moto. Njia ziligeuka tope, chakula hakikufika, na mizoga ikatapakaa njia nzima. Kondoa ilitekwa tarehe 19, lakini kikosi kilikuwa kimechoka mno kusonga mbele. Askari wengi walibaki wakitembea kwa miguu. Farasi aliyeshindwa kuinuka alipigwa risasi asiendelee kuteseka, na mara nyingi aliyelazimika kufanya hivyo ndiye aliyekuwa akimtunza.

Hali ilizidi kuwa mbaya majeshi yaliposhuka kusini, hadi Reli ya Kati na ng'ambo yake. Kati ya Septemba na Novemba 1916 pekee, walikufa takriban farasi 10,000, nyumbu wa mizigo 10,000, ng'ombe 11,000 na punda 2,500.

Wanyama walipokwisha, mizigo iliwaangukia watu. Wapagazi waliandikishwa kwa wingi, wengi wao kwa nguvu, wakabeba risasi na unga kwa miezi mingi. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa mahali palipo Kariakoo ya leo. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na utapiamlo.

Mwaka 2004 London ilizindua mnara wa kuwakumbuka wanyama waliokufa vitani, na farasi wa Kondoa wanaustahili. Wapagazi waliorithi mizigo yao walistahili zaidi ya hapo, lakini wengi wao hawana kaburi lenye jina.