Makedon: Nasaba ya Kisasili na Mzozo wa Jina la Nchi

Makala haya yanajadili jinsi nasaba ya Makedon, mhusika mdogo wa visasili vya Kigiriki anayesemwa kuwa ndiye aliyeipa Makedonia jina lake, ilivyobadilika kulingana na siasa za wasimulizi wake. Hoja yetu ni kwamba nasaba ya aina hii ni ushahidi wa mahusiano ya wakati iliposimuliwa, wala si wa asili ya watu.

Katika Orodha ya Wanawake, utungo wa kale unaohusishwa na Hesiodos, Makedon ni mwana wa Zeus na Thyia binti Deukalion, nduguye Magnes, na makazi yao ni Pieria na Olympos. Kwa kuwa Hellen, babu wa Wagiriki, naye ni mwana wa Deukalion, Makedon ni mpwa wake: jamaa wa karibu, lakini nje ya ukoo wa kuumeni. Katika karne ya 5 KK, Hellanikos alimtaja kuwa mwana wa Aiolos, mwana wa Hellen. Hivyo mpwa akawa mjukuu.

Wakati huo nasaba ilikuwa na uzito wa kisiasa. Herodotos anasimulia kwamba Mfalme Alexandros wa Kwanza wa Makedonia alipotaka kushindana Olympia, washindani walimpinga wakidai michezo hiyo si ya wageni. Alikubaliwa baada ya kuthibitisha kuwa ukoo wake ulitoka Argos. Katika karne ya 1 KK, Diodoros, aliyeizuru Misri ikiwa chini ya watawala wa asili ya Makedonia, aliandika kwamba Makedon alikuwa mwana wa Osiris, mungu wa Misri.

Mwaka 1991 Jamhuri ya Makedonia ilipojitenga na Yugoslavia, Ugiriki, yenye eneo la jina hilohilo, ilipinga. Mkataba wa Prespa wa tarehe 17 Juni 2018 ulileta jina la Makedonia ya Kaskazini. Kifungu chake cha 7 hakikutafuta mrithi mmoja halali, bali kilikiri kwamba neno hilo lina muktadha tofauti wa kihistoria kwa kila upande. Kifungu cha 8 kiliagiza kamati ya pamoja ya wataalamu, ambayo ingepitia pia vitabu vya shule.

Funzo kwa washauri wa sera ni kwamba mzozo wa jina hausuluhishwi kwa kuamua nasaba ipi ni ya kweli. Nasaba zifundishwe kama historia ya wasimulizi wake, na mataifa jirani yakubaliane kuhusu matumizi ya jina.