Machimbo Madogo ya Makaa Katika Bonde la Ruhr

Historia ina desturi ya kuwaamkia wakubwa na kuwapita wadogo bila salamu. Litajwapo jimbo la Ruhr katika Ujerumani, fikira huenda mara moja kwenye minara ya chuma, matanuru makubwa, na migodi iliyoshuka mamia ya mita chini ya ardhi na kuajiri maelfu ya watu. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, palizuka katika upande wa kusini wa jimbo hilo mamia ya machimbo madogo ya makaa ya mawe, na mengine yalikuwa na watu wachache mno hata wakatosha kuhesabiwa kwa vidole. Machimbo hayo yanastahili salamu yao.

Ili kufahamu sababu ya kuzuka kwao, yafaa kwanza kuijua ardhi. Matabaka ya makaa ya Ruhr yamelala kwa mteremko kuelekea kaskazini. Huko kaskazini yamefunikwa na mwamba mnene, wala hayafikiwi ila kwa shimo refu na mtaji mkubwa. Kusini, kando ya Mto Ruhr wenyewe, katika nchi ya Witten, Hattingen na Sprockhövel iliyo katika wilaya ya Ennepe-Ruhr, matabaka hayohayo hupanda hata yakaukaribia uso wa ardhi. Wenyeji wa bonde la Muttental, karibu na Witten, wana ngano ya kijana mchungaji aliyewasha moto jioni, na asubuhi akaona mawe meusi yaliyokuwa chini yake yangali yakiwaka. Ngano si ushahidi, lakini hii imebeba jambo moja la hakika: huko makaa yalimjia mtu kabla mtu hajayafuata.

Katika karne ya 19 mashine za mvuke ziliwawezesha wenye mali kuyafuata makaa ya kaskazini. Migodi ya kusini ikawa na faida ndogo, na mingi ilifungwa katika miaka ya 1920. Kilichoachwa ardhini kilikuwa makombo ya karamu: matabaka membamba, vipande vya pembeni, na nguzo za makaa zilizobakizwa ili dari isianguke.

Kisha ikaja dhiki. Mwaka 1945 miji ilikuwa magofu, reli zimekatika, na migodi mikubwa haikutoa ila sehemu ndogo ya mazao yake ya zamani. Ruhr ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na sehemu ya makaa yaliyopatikana ilipelekwa katika nchi jirani zilizoumizwa na vita. Majira ya baridi ya 1946 na 1947 yalikuwa makali kupita kiasi. Watu waliiba makaa katika mabehewa ya reli ili watoto wao wasife kwa baridi. Tarehe 31 Desemba 1946, Kardinali Josef Frings wa Köln alihubiri kwamba mtu aliyekosa njia nyingine, kwa kazi au kwa kuomba, aweza kutwaa kile anachohitaji kuhifadhi uhai na afya yake. Watu walilichukua jina lake wakalifanya kitenzi chenye maana ya kuchukua makaa kwa dhiki.

Katika dhiki hiyo makombo yaligeuka kuwa chakula. Watu walirudi katika vilima vya kusini, wakazibua njia za kale na kuchimba mpya. Wengi walikodi haki ya kuchimba kutoka kwa makampuni makubwa yenye ardhi hiyo. Wengine walichimba kwa siri bila idhini. Vifaa vyao vilikuwa haba. Penye kilima walitoboa njia ya ubavuni iliyofuata tabaka, na maji yakatoka yenyewe. Penye uwanda walichimba shimo, wakasimamisha juu yake magogo matatu yaliyofungwa vichwa, wakapandisha ndoo kwa kamba na winchi. Dari ilishikwa kwa miti. Makaa yalikatwa kwa sururu, na baadaye kwa nyundo za hewa. Haba na haba hujaza kibaba: ndoo kwa ndoo, jiko la nyumba likawaka.

Lakini haja ilipokwisha, heshima nayo ilikwisha. Tangu mwaka 1958 mafuta na makaa rahisi ya kutoka nje yaliingia kwa wingi, na makaa ya Ruhr yakarundikana bila mnunuzi. Migodi mikubwa ilipoyumba, midogo ilianguka mmoja mmoja. Ule wa mwisho, Egbert wa Witten, ulifungwa mwaka 1976. Migodi mikubwa nayo ilifikia kikomo mwezi Desemba 2018, ulipofungwa Prosper-Haniel wa Bottrop.

Basi tuihukumuje kazi ile? Mhasibu atasema ilikuwa ghali, ya hatari, na mazao yake yalikuwa tone katika bahari. Yeye hupima makaa kwa tani. Mama wa mwaka 1947 aliyapima kwa usiku mmoja ambao mtoto wake hakutetemeka, na mizani hiyo nayo ni ya haki. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama amekuja na ndoo moja. Hata hivyo, shukrani isitufumbe macho. Chini ya mashamba na nyumba za kusini yamebaki matundu, na ya wale waliochimba kwa siri hayana ramani. Mara kwa mara ardhi hudidimia, na idara ya madini ya Arnsberg hulazimika kuyatafuta na kuyajaza. Wajukuu wanalipa sehemu ya gharama ya moto uliowaotesha mababu.

Katika bonde la Muttental, mgodi wa kale wa Nachtigall sasa ni makumbusho, na ndani yake limeonyeshwa chimbo dogo lililopewa jina la Eimerweise, yaani ndoo kwa ndoo. Ni vyema jina hilo limehifadhiwa. Taifa lililosimama tena kwa fahari halina budi kukumbuka pia waliolishika mkono lilipokuwa limepiga magoti, na kulipa bila manung'uniko deni walilolazimika kuliacha.