Gari au dereva? Swali la kijiweni lililonipeleka hadi Usambara

 

Leo nawaletea ubishi wa kijiweni. Ni pale Ngamiani, kwenye kahawa na kashata, mahali ambapo kila mtu ni kocha, ni waziri na ni daktari kwa wakati mmoja. Mwaka 2022 mbio za Safari Rally zilipokwisha kule Naivasha, Toyota ilishika nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kijana mmoja akasimama na simu yake mkononi akatangaza: "Mmeona? Madereva wanne, gari moja. Dereva ni abiria tu siku hizi, kazi yote inafanywa na gari!"

Mzee mmoja, fundi wa gereji aliyestaafu, aliweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu," akasema, "mchagua jembe si mkulima." Kisha akamtaja Joginder Singh, na vijana wote tukatazamana. Hakuna aliyelijua jina hilo!

Nikaona aibu. Mimi mwandishi wa habari, mtoto wa Tanga, sijui kwamba mbio zilizobeba jina kubwa kuliko zote Afrika ziliwahi kupita kwenye milima ninayoiona nikienda Lushoto. Nikaanza kusoma. Mwaka uliofuata, 2023, Toyota ikarudia kuzoa nafasi zote nne za juu, na ubishi ukaanza upya. Haya ndiyo niliyoyapata.

TULIANZIA WAPI

Mwaka 1953 wakoloni wa Kiingereza walitaka kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wakaanzisha mbio za magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, wakaziita Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Zilikuwa kilomita karibu 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana. Baadaye zikahamia wakati wa Pasaka, na wewe mtu wa pwani unajua Pasaka maana yake nini: masika!

Milima ya Usambara ilikuwa moja ya sehemu za njia hiyo. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Soni hadi Lushoto anaijua barabara ile. Leo ina lami na bado abiria wa dirishani anafumba macho kwenye kona. Sasa iondoe lami, mwaga mvua ya wiki nzima juu ya udongo mwekundu, zima jua, halafu mpe mtu usukani ambaye hajalala tangu jana. Hapo ndipo swali la gari na dereva lilipoulizwa kwa dhati.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mwanzoni magari yalikuwa ya kawaida, yale yale ya kuuzwa dukani, na yalipangwa katika makundi kwa bei yake. Ushindi haukuwa kwa mwenye mbio tu. Kila gari lilipewa muda wa kufika kituo hadi kituo, na ukichelewa unahesabiwa pointi za adhabu. Kwa hiyo mshindi alikuwa yule aliyechelewa kidogo kuliko wenzake. Hebu lifikirie hilo, maana linabadilisha kabisa maana ya "dereva mzuri". Kuvunja springi kwenye shimo moja ni kupoteza saa nzima. Mwenye papara aliishia kutembea kwa miguu kutafuta trekta la kumvuta.

UPANDE WA MZEE

Mzee wa kijiweni ana ushahidi mzito.

Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta kundi la magari ya Mercury Comet, makubwa, yenye injini za nguvu, na pesa nyuma yake. Mawili tu ndiyo yaliyomaliza, tena nafasi za nyuma kabisa. Mbio zenyewe zilichukuliwa na Peter Hughes, mkazi wa Kenya, akiwa na Ford Cortina, gari la kawaida la familia.

Mwaka huo huo Msweden Erik Carlsson alikuwa na Saab ndogo. Ikazama kwenye tope. Mwingine angekaa chini akalia. Yeye na mwenzake waliibinua ile gari, ikabingirika ubavu, paa, ubavu mwingine, ikatua kwenye udongo mgumu, wakaingia wakaondoka! Akamaliza wa pili. Hakuna kiwanda kilichomchorea mpango huo.

Halafu mwaka 1965 akaja huyo Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye gereji ya baba yake, spana mkononi. Waandishi walimpachika jina la "Singasinga Anayepaa". Yeye na mdogo wake Jaswant walichukua Volvo iliyokwisha tumika, iliyoletwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia na kuachwa huku. Mtumba, wadau! Wakaifungua, wakaifunga upya, wakaingia nayo, wakashinda kwa zaidi ya saa nzima. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer.

Jambo jingine: tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda mbio hizi. Miaka 18! Mabingwa wa Ulaya walikuja na sifa zao wakaondoka na vumbi. Wenyeji walijua tope la rangi gani linabeba gari na la rangi gani linameza, mto gani unapungua baada ya saa moja na upi hauna subira.

Mpaka hapa mzee anaongoza.

UPANDE WA KIJANA

Lakini subirini. Mbona kuna magari yanajirudia?

Peugeot 404, ile tunayoiita Pijo, ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Ile 1963 na 1968 ni ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Na hiyo miaka miwili ya mwisho ndiyo iliyonifanya nisome mara mbili. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakafika saba. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakafika saba vilevile. Mara zote mbili wa kwanza ni watu wale wale, ndani ya aina ile ile ya gari.

Ukisema ni bahati, bahati gani inayorudi baada ya miaka mitano na kuchagua mlango ule ule? Ukisema ni dereva, mbona na Shankland alishinda na 404? Ukisema ni gari, mbona 404 nyingine zilibaki matopeni? Jibu ninaloliona mimi ni kwamba gari lilikuwa gumu, na watu wale walijua ugumu wake unaishia wapi.

Kisha mwaka 1972 ukuta ukavunjika. Hannu Mikkola wa Finland, na Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kushinda. Je, Wafini walikuwa wamejifunza ghafla kuendesha kwenye tope letu? Hapana. Viwanda vilikuwa vimeanza kuja na bajeti nene: wiki nzima za kuizunguka njia kabla ya mashindano, magari ya mafundi na spea yakiwafuata njiani, na baadaye hata helikopta za kuangalia mbele kama kuna ng'ombe au lori. Ule ujuzi aliokuwa nao mwenyeji kwa kuzaliwa, mgeni aliweza sasa kuununua.

Lakini hata pesa ina mipaka. Mwaka 1981 Audi ilileta kwenye ubingwa wa dunia gari la Quattro, linalosukumwa na magurudumu yote manne, na likabadilisha mchezo kila mahali. Kila mahali isipokuwa huku kwetu! Mwaka 1983 alishinda Ari Vatanen na Opel ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ikashinda Toyota Celica, nayo ya magurudumu ya nyuma. Audi ilisubiri hadi 1987. Peugeot 205 Turbo 16, bingwa wa dunia wa viwanda 1985 na 1986, haikushinda Safari hata mara moja. Gari lenye mambo mengi lina vitu vingi vya kuharibika, na Safari ilikuwa inatafuta hicho kimoja kilicholegea.

Na nani alikuwa anaiongoza timu ile ya Toyota? Ove Andersson, ambaye mwaka 1975 alishinda Safari yeye mwenyewe akiwa na Peugeot 504. Alishayapitia mashimo haya kwa mgongo wake kabla ya kuwaelekeza mafundi nini waimarishe. Sasa niambie, ushindi wa Celica ni wa uhandisi au wa udereva?

SWALI AMBALO HATUKULIULIZA

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba kijana na mzee wote wamesahau kitu. Angalieni tena majina ya washindi. Wazungu wakazi, Wahindi wakazi, baadaye Wazungu wa Ulaya. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikumbwa na amri ya Idi Amin ya 1972 ya kuwafukuza Waasia, alishinda mara tano, 1973 na kisha mfululizo 1979 hadi 1982. Ni rekodi kubwa, heshima kwake. Lakini katika miaka yote ya ubingwa wa dunia kuanzia 1973 hadi 2002, hakuna Mwafrika mweusi aliyeshinda Safari.

Je, hatukuwa na madereva? Nani alikuwa anaendesha malori ya mkonge kutoka mashambani hadi bandari ya Tanga? Nani alikuwa anapandisha mabasi Lushoto masika yote, na abiria sitini wanaomba dua? Ufundi ulikuwepo tele. Kilichokosekana ni kiti.

Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru alipata kiti kwenye Subaru Impreza akamaliza wa nne. Wa nne duniani, jamani!

Wanaofuata Fomula Wani watakumbuka habari inayofanana. Desemba 2020, kule Bahrain, George Russell alitolewa kwenye Williams, ambako hakuwa amewahi kupata pointi hata moja, akawekwa kwenye Mercedes ya Lewis Hamilton aliyekuwa anaugua korona. Akaanza wa pili, akaongoza sehemu kubwa ya mbio, na kama si mkanganyiko wa matairi na pancha pengine angeshinda. Mtu yule yule, wiki moja tofauti. Je, wiki iliyotangulia hakuwa na kipaji?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Gari linaamua nani anaruhusiwa kushindana. Dereva anaamua, miongoni mwa hao walioruhusiwa, nani anafika. Tunapobishana juu ya hilo la pili tunalisahau la kwanza, na la kwanza ndilo lililowafungia mlango wengi wa kwetu. Sifa za mshindi ni za kweli, ila ni sifa kati ya wale waliopata usukani.

Na ndiyo maana hadithi ya Joginder ni kubwa kuliko ushindi wenyewe. Yeye hakupewa gari la kiwanda mwaka ule. Alilitengeneza. Alikuwa fundi na dereva katika mwili mmoja, na kwake swali letu halina maana, maana mkono ulioshika usukani ndio ulioshika spana.

Kufikia 1974 mbio zile ziliitwa Safari Rally tu na zikabaki Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Safari haikurudi tena Usambara. Baada ya 2002 ikatoka hata kwenye ubingwa wa dunia, mpaka iliporejea 2021. Sisi huku tukabaki na barabara, mvua, na wazee wachache wanaokumbuka.

Nilirudi kijiweni na karatasi zangu, nikamsomea yule mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, kimya. Nilipofika kwenye methali yake nikamwambia, "Mzee, ni kweli mchagua jembe si mkulima. Lakini asiye na jembe kabisa je?"

Akacheka. Akanyoosha vidole vyake, bado vina weusi wa oili ambao nadhani hautatoka tena. "Huyo," akasema, "alikuwa anatengeneza majembe ya wenzake."

Nikamlipia kahawa.

Nawasilisha.