Chanjo Moja, Kinga Tofauti: Hoja ya Kuwatanguliza Wenye Kinga Dhaifu

Watu wawili wakichanjwa siku moja kwa chanjo ileile ya UVIKO-19, kiwango cha kingamwili katika damu zao kinaweza kupishana mno. Mjadala wa hadhara umezoea kulihusisha jambo hili na aina ya chanjo. Makala haya yanadai kwamba hali ya mchanjwaji mwenyewe ina uzito usiopungua ule wa chanjo, na kwamba mipango ya chanjo Afrika Mashariki haina budi kujengwa juu ya msingi huo.

Tuanze na maambukizi ya awali. Mwaka 2021, watafiti wa New York, akiwemo Florian Krammer, walionyesha kuwa waliowahi kuambukizwa walifikia, baada ya dozi ya kwanza tu, viwango vya kingamwili vilivyozidi vya wasiowahi kuambukizwa kwa mara 10 hadi 45. Seli B za kumbukumbu zilikuwa zimeshakijua kirusi. Chanjo ilizizindua tu. Kwetu jambo hili lina maana kubwa. Vipimo vya damu ya wachangiaji nchini Kenya vilikadiria kuwa karibu nusu yao walikuwa na kingamwili kati ya Januari na Machi 2021, wakati chanjo ndiyo kwanza inaanza kutolewa. Kwa wengi, basi, dozi ya kwanza ilifanya kazi ya dozi ya nyongeza.

Muda kati ya dozi nao una nafasi yake. Uingereza iliporefusha muda huo hadi wiki 12, uchunguzi wa wazee wenye miaka 80 na zaidi waliopewa chanjo ya Pfizer ulionyesha kilele cha kingamwili kilichokuwa mara 3.5 ya kile cha waliorudia baada ya wiki 3. Faida hiyo ina gharama: anayesubiri hukaa muda mrefu akiwa na kinga pungufu.

Hata hivyo, pengo lililo zito zaidi ni la wenye mfumo dhaifu wa kinga. Katika utafiti ulioendeshwa kutoka Baltimore, kati ya watu 658 waliopandikizwa viungo na kupewa dozi mbili za chanjo za mRNA, asilimia 46 hawakuonyesha kingamwili yoyote. Walioathirika zaidi walikuwa wanaotumia dawa kama mikofenoleti, ambazo huzuia seli za kinga kuzaliana. Rituksimabu, inayoangamiza seli B, huleta matokeo yanayofanana na hayo. Kwa wanaoishi na VVU picha inatofautiana: aliyefubaza virusi kwa dawa na mwenye seli za kinga za CD4 za kutosha huitikia chanjo karibu sawa na mtu mwingine, ilhali mwenye CD4 chini ya 200 huitikia kwa udhaifu.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba kingamwili si kinga yote, kwa kuwa seli T nazo hupunguza ukali wa ugonjwa. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haitoshi kuliondoa tatizo. Tafiti zimehusianisha kiwango cha kingamwili zinazozima kirusi na uwezo wa chanjo kukinga, na waliopandikizwa viungo wameendelea kuugua vikali hata baada ya kuchanjwa. Kukosa kingamwili kabisa ni ishara ya hatari isiyofaa kupuuzwa.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliwaweka wazee na wenye kinga dhaifu katika kundi la kwanza la kipaumbele. Utekelezaji wa kipaumbele hicho kwetu hauhitaji mfumo mpya. Vituo vya tiba na matunzo ya VVU, kliniki za figo na za saratani tayari vina orodha za wagonjwa, tarehe zao za kurudi na kumbukumbu za dawa wanazotumia. Dozi za nyongeza zipitie huko kwanza, na zipangwe kwa kuzingatia tiba ya kila mgonjwa. Kuhesabu dozi zilizotolewa kunapima kazi ya ghala na ya muuguzi. Haki ya mgonjwa hupimwa kwa kinga aliyoipata.