Kipimo cha Kuingia Jumuiya

Tarehe 15 Aprili 2016, Rais Salva Kiir alitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kuiingiza Sudan Kusini katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku hiyo Riek Machar, hasimu wake ambaye makubaliano ya amani ya Agosti 2015 yalimpa umakamu wa kwanza wa rais, alikuwa hajakanyaga Juba. Alirejea tarehe 26. Serikali ya umoja ikaapishwa, na Julai, kabla miezi mitatu haijatimia tangu saini ile, bunduki zikalia tena mjini Juba na maelfu wakakimbia makazi yao.

Jumuiya haikukosa kipimo. Ibara ya 3 ya Mkataba uliosainiwa Arusha Novemba 1999 inataja mambo ya kuzingatiwa kwa kila mwombaji: utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu, uchumi wa soko, ujirani wa kijiografia na mchango wake kwa utangamano. Mwombaji huandika barua, timu ya wataalamu huenda kuhakiki, mazungumzo hufuata, kisha marais huamua kwa kauli moja. Rwanda na Burundi zilipita njia hiyo hadi zikawa wanachama Julai 2007.

Kati ya mambo hayo yote, lililopata kumfungia mtu mlango waziwazi ni ramani. Sudan ya Omar al-Bashir iliomba mwaka 2011, na katika mkutano wa Bujumbura ikakataliwa: baada ya Kusini kujitenga, haikupakana tena na mwanachama yeyote. Sudan Kusini ilibisha hodi wakati huohuo. Vita vilivyozuka Desemba 2013 viliichelewesha lakini havikuizuia.

Ulaya nayo ilijiwekea masharti yake ya kujiunga huko Copenhagen mwaka 1993, na kwa Slovakia yaliuma kweli. Desemba 1997, viongozi wa Umoja wa Ulaya waliiacha nje ya kundi la kwanza la mazungumzo kwa sababu ya mwenendo wa serikali ya Vladimír Mečiar. Uchaguzi wa 1998 ukamwondoa madarakani, mazungumzo yakaanza 2000, na nchi ikaingia 2004. Hungaria, iliyoingia mwaka uleule, imeonyesha upande wa pili: nchi ikishakuwa ndani, kuibana ni kazi ngumu hata kwa Brussels.

Kwetu ugumu huo ni mkubwa zaidi. Ibara za 146 na 147 za Mkataba wa Jumuiya zinaruhusu mwanachama kusimamishwa au kufukuzwa. Mwaka 2015, Rais wa Burundi Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu na mamia ya maelfu ya Warundi wakakimbia, wengi wao wakavuka kuingia Kigoma, ibara hizo hazikuguswa. Na marais walioketi mezani wangemhukumu vipi mwenzao, ilhali baadhi yao walikuwa wakirekebisha katiba zao wenyewe?

Congo ilikubaliwa Machi 2022, wakati waasi wa M23 wakishambulia Rutshuru, mashariki mwa nchi hiyo. Somalia, iliyoomba tangu 2012, ilikubaliwa Novemba 2023, ingawa raia wake walichagua bunge kwa kura ya moja kwa moja ya vyama vingi mara ya mwisho mwaka 1969. Sisemi zingefungiwa nje. Mfanyabiashara wa Bukavu na mvuvi wa Kismayu wana haki ya soko hili kama mimi. Ninachodai ni kwamba ukaguzi usiishie siku ya bendera kupandishwa Arusha. Urudiwe kila mwaka, ripoti itolewe hadharani, na wanachama waasisi, Tanzania, Kenya na Uganda, wapimwe kwa mizani hiyohiyo.

Juba ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Tangu uhuru wa 2011 haijafanya uchaguzi mkuu hata mmoja, na ule uliopangwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026.